Basi ya Mguu, Basi ya Mwisho

Tangu yule mtangazaji afe, Garissa hapakaliki. Kila ninapopita kuna mtu amepata sifa mpya ya kumwongezea. Ati aliinua michezo ya Kaskazini Mashariki nzima kwa mkono mmoja. Ati uwanja upewe jina lake, uwanja wenyewe hauna choo. Mheshimiwa mmoja alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa maktaba, na mheshimiwa huyo sijawahi kumwona hata kwenye kivuli cha maktaba. Wafu husifiwa, najua, nami nimelelewa. Lakini aisifuye mvua imemnyea, na mimi mvua ile ilinilowesha kuliko wao wote, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuieleza ilivyonyesha.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na koti. Joto letu huwafanya mbuzi walale chini ya malori, lakini yeye alivaa koti zito la buluu lenye vifungo vya kung'aa, kwa sababu aliwahi kuona picha ya mtangazaji wa Nairobi aliyevaa koti. Chini alivaa kikoi na ndara. Kazi alijifunza kwa kutega sikio kwenye redio ya taifa tangu ujana wake. Alikariri kila kitu, na alichokikariri hakukipunguza wala kukibadilisha. Kwa hiyo siku alipopewa kipaza sauti, alianza kututangazia uwanja wa mji mwingine.

"Nyasi ni kijani kibichi," alisema, nasi tuko kwenye vumbi linaloingia mpaka katikati ya meno. "Baridi ya jioni imeanza," alisema, na mashabiki wamejifunika maboksi kichwani jua lisiwapasue. Aliongeza hata upepo mwanana kutoka ziwani. Ziwa lipi? Sisi tuna Mto Tana, una rangi ya chai, na hauna upepo wa kumpa mtu. Watu walimwamini. Nimeona kwa macho yangu mashabiki wakishangilia kona ambayo haikupigwa, kwa sababu yeye alisema imepigwa.

Upepo wenyewe aliuita "ubebo". Kisomali hakina P. Mtu aliyekulia Kisomali akikutana na P huitoa B, na V mara nyingi huitoa F. Hilo si jambo la kuchekwa. Mimi nikisema Kisomali kuna herufi zinazonikwama kooni mpaka watu huniuliza kama nataka maji. Nalieleza tu kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyonipata. Mpira kwake ulikuwa mbira, kipa alikuwa kiba, vumbi lilikuwa fumbi, na pasi ilikuwa basi. Basi fubi, basi ndefu, ametoa basi, amekosa basi. Mgeni angedhani anasikiliza stendi ya magari.

Kabla mji haujapata redio yake, alitangazia kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya gari moja bovu ambalo liliegeshwa pembeni mwa uwanja. Redio ilipokuja ikamchukua na koti lake. Lakini kisa changu ni cha wakati wa spika.

Mimi ni mtoto wa karani wa idara ya maji. Baba alitumwa hapa kutoka bara kwa miaka miwili, akakaa mpaka akastaafu. Nilizaliwa katika hospitali ya Garissa, nikasoma Garissa, nikaumwa na nge wa Garissa. Lakini watu wa huku wana jambo lao: mtu akivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi, husema ameenda Kenya. Na mtu mwenye sura kama yangu, hata kama hajavuka daraja hilo, huulizwa kwa upole kabisa, "Wewe umekuja lini kutoka Kenya?" Mama yangu alikuwa akijibu kwa hasira kwamba mimi sikuja, nililetwa na mkunga. Wao hucheka, humpa maziwa, na wiki ijayo huuliza tena.

Goli nilipewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Kwenye upande ule wa uwanja mathenge, ule mti vamizi wa miiba, ulikuwa umeota mpaka karibu na mstari, na ukidaka mpira unaangukia miiba. Mimi nilikuwa tayari kuangukia chochote. Nilidaka kati ya mawe mawili, kisha kati ya nguzo mbili, na kufikia umri wa miaka kumi na tisa nilikuwa kipa wa timu ya mtaa wetu, na hakuna aliyeniuliza nimekuja lini. Wakitaka kunitambulisha kwa watu walisema tu, "Huyu ni kiba yetu." Lile neno "yetu" nililipenda kuliko chakula.

Tukafika fainali. Wapinzani walikuwa vijana wa Hulugho, waliokuja juu ya lori la mifugo na walionuka hivyo, nasi tukawaambia. Zawadi ilikuwa dume la ngamia. Wenye akili zao wakamfunga ngamia yule nyuma ya goli langu, chini ya mathenge, ili watu wamwone. Gari la spika nalo likaegeshwa papo hapo, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli cha kumtosha mtangazaji na koti lake. Kwa hiyo kipindi chote cha pili nilidaka nikiwa na ngamia anayetafuna upande mmoja na sauti ya bwana yule masikioni upande wa pili.

Mechi ilikuwa sare, bila bao, na muda ulikuwa unayoyoma. Beki wetu alikuwa na mpira katikati ya uwanja. Mtangazaji alikuwa akiimba zake, basi fubi, basi, anatafuta basi. Msinifanye mjinga. Nilikuwa nimemsikia tangu nikiwa mtoto na nilijua basi yake ni pasi. Lakini ghafla sauti ikabadilika. Akasema, "Basi! Basi. Basi." Mara tatu, na kila mara sauti ikishuka, kama mtu anayekunja mkeka. Nikamtazama refa. Kipenga kilikuwa mdomoni.

Nikainua mikono juu. Nikavua glavu. Nikageuka kumtazama ngamia, na hilo silifichi, maana nilishaanza kumgawa kichwani mwangu. Nyuma yangu kijana wa Hulugho akampokonya beki wetu mpira akaupiga kutoka mbali, shuti dhaifu ambalo mtoto angeliokota kama yai. Likanipita mguuni likaenda kusimama mbele ya ngamia.

Refa hakuwa amepuliza. Vumbi lilikuwa limeziba kipenga chake naye alikuwa anakinyonya ili kizibuke. Spika zikanguruma: "Goooli! Kiba ameenda kununua ngamia!" Na mji mzima ukacheka. Hata wa kwetu walicheka, kabla ya kukumbuka kukasirika.

Walipokumbuka, walinizunguka. Nahodha wetu ndiye aliyeuliza kwanza, naye alikuwa rafiki yangu tangu utotoni.

"Kwa nini ulitoa glafu?"

"Si amesema basi!"

"Ndiyo, amesema basi. Beki alikuwa nataka kutoa basi!"

"Hapana, amesema basi! Kwamba imekwisha!"

"Warya, wewe, huyu mzee kila siku nasema basi!"

Tulisemezana hivyo mpaka mate yakakauka, kila mtu anasema neno lilelile na hakuna anayesikia la mwenzake. Mmoja akanyanyua jiwe. Hapo nahodha akajiweka katikati, akawaambia wenzake kwa sauti ya huruma, "Muacheni. Si makosa yake. Huyu ametoka Kenya. Hajui file sisi nasema."

Heri angeniacha nipigwe jiwe lile. Nilitembea mpaka nyumbani peke yangu, nimeshika glavu, nikilia barabarani kama mtoto, huku ngamia anapandishwa lori la Hulugho kwa shangwe. Sijawahi kuona uchungu kama ule. Kufungwa bao hufungwa kila kipa. Mimi niliambiwa, tena na mtu anayenipenda, kwamba nilifungwa kwa sababu si wa hapa.

Sasa kuna desturi nyingine ambayo lazima niieleze. Huku kila mtu ana jina la utani, na jina hilo huitafuta kasoro yako na kuishika. Chongo huitwa Chongo mbele ya wakwe zake, kiwete huitwa kwa kilema chake, na mwenyewe huitika bila kinyongo. Ukipewa umepewa, ni kama alama wanayomchoma ngamia shavuni. Mimi niliitwa Basi. Nilikwenda chuo kikuu kusomea ualimu, nikadhani nikirudi nitakuwa Mwalimu. Siku yangu ya kwanza darasani nilikuta limeandikwa ubaoni kwa herufi nzuri sana.

Na nilikuwa nimesomea kufundisha Kiswahili. Hebu nionyesheni mwalimu wa Kiswahili anayeweza kuishi bila neno lile. Mimi nimeweza. Kipindi kikiisha nasema "imetosha". Kitabu kikitoa mfano wenye neno hilo, naruka mstari. Nikisafiri, nakata tiketi ya "gari kubwa", na makarani wa pale stendi, ambao hawana adabu hata ya kununua, huitana kutoka dirisha hadi dirisha, "Basi nataka basi!" Nikiwa na gauni la digrii au nikiwa na kandambili, ni mamoja.

Pengine lingechakaa lenyewe, kama majina mengine yanavyochakaa, kama yule bwana angeliacha. Lakini redio ilikuwa imemchukua, na redio ina kipindi kila Ramadhani, cha dakika za mwisho kabla ya futari. Hakuna kipindi kinachosikilizwa kama hicho. Sambusa ziko mezani, watu wamekaa kimya, kila nyumba imefungua redio ikisubiri adhana. Naye mle ndani ya dakika hizo alipenda kusimulia mambo ya kale ya mpira, na kila mwaka alisimulia habari ya kipa wa kutoka Kenya aliyesikia basi. Kila mwaka aliongeza chumvi. Mwaka mmoja nilikuwa nimeshika kamba ya ngamia. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshampanda.

Nilimwendea mara moja, redioni, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Nilimwambia, "Adeer, nakuomba kitu kimoja tu. Sema hewani kwamba ulikosea." Adeer ni ami. Unamwita hivyo mzee unayemheshimu, au unayejaribu kumheshimu, naye hukurudishia neno lilelile, ami na mpwa wanaitana sawasawa. Alinimiminia chai ya maziwa, akanitazama kwa mapenzi kabisa.

"Adeer," akasema, "mimi nasema basi, wewe nasikia basi. Kosa iko wabi?"

Shahada yangu nzima ilikuwa mfukoni, nayo haikunisaidia kitu. Nilikunywa chai yake nikaondoka nikimtukana kimoyomoyo kwa lugha tatu. Mwaka huohuo binti yangu wa darasa la tatu alirudi kutoka shuleni, akaweka mkoba, akaniuliza, "Baba, sisi tulikuja lini kutoka Kenya?" Bibi yake aliyekuwa akijibu swali hilo alikuwa ameshakufa. Niliona basi sasa mambo yamefika kwa mjukuu. Ndiyo, nimeliandika, kuandika naandika. Toka siku hiyo nilitaka jambo moja tu kwa mtu yule: aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye redio ileile, kwamba kipa hakukosa. Mji huu hauamini macho yake, unaamini redio.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mdomo ulilegea upande mmoja, na mkono na mguu wa upande huohuo vikafa ganzi. Siku moja akatuma mtu aniite. Nilikwenda, sidanganyi, nikiwa na furaha ndogo mbaya moyoni. Nilimkuta amelala kwenye godoro sebuleni, koti limetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa chake kama picha ya rais. Mkewe akaniletea chai, akatuacha.

"Adeer," akasema polepole, "ile siku ya ngamia. Mimi sikusema basi ya mguu."

"Basi ya mguu ni ipi?"

"Ile mtu nabiga kwa mwenzake." Akausogeza mguu wake mzima chini ya shuka, akanionyesha. "Mimi nilisema basi ya mwisho. Ya kumaliza. Niliona refa nafanya hifi na kibenga, nikasema wacha niseme kabla yake. Mimi nabenda kusema kabla."

Nikaiweka chai chini. "Ulisema imekwisha."

"Wallahi, nilisema imekwisha."

"Na mimi nikasikia imekwisha."

"Wewe beke yako," akasema. "Watu wote walisikia basi ya mguu. Wewe beke yako ulisikia mimi."

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata pale. Nilitaka kumkaba. Nilitaka pia kutoka nje nipige mbio mpaka uwanjani nikapige kelele. Miaka yote ile nilikuwa nimesikia sawasawa. Waliozaliwa ndani ya lugha ile, waliokuwa wakinihurumia kwa kutojua wanavyosema, wao ndio walisikia walichozoea. Naye alijua. Alijua siku ileile, kabla mpira haujasimama mbele ya ngamia, akajificha nyuma ya ulimi wake mwenyewe. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, lakini wa huyu ulikuwa na mlango na kufuli.

"Kwa nini hukusema?"

Hakuona aibu hata chembe. "Watu walicheka wewe," akasema. "Ikiwa mimi nasema ukweli, watacheka mimi. Na mimi ni mtu ya redio."

Nikamwambia sasa utasema. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na redio ilikuwa imeshapanga kumleta kwenye kile kipindi cha kabla ya futari kama mgeni wa heshima, ndiyo sababu hasa dhamiri yake ilikuwa imeamka, nadhani, ilisikia inaalikwa. Akakubali. Akaniapia. Mimi nikaenda nyumbani nikamwandikia karatasi kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza: NILISEMA MECHI IMEKWISHA KABLA HAIJAISHA. MLINDA LANGO ALINISIKIA SAWASAWA. KOSA NI LANGU. Usiku mzima nilikuwa nikiipima ile karatasi. Niliondoa "kipa" kwa sababu ya P yake, nikaondoa "vizuri" kwa sababu ya V yake. Sijawahi kutunga sentensi safi kama zile tatu, na nimetunga mitihani ya kaunti.

Studio ni chumba kidogo ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai. Mtangazaji wa siku hizi ni kijana wa hapahapa aliyekaa Nairobi miezi michache akarudi na Sheng kama mtu aliyerudi na mafua. Nilipewa kiti kwenye kona, bila kipaza sauti. Mzee aliingizwa kwa kubebwa, amevalishwa koti, na watu wa redio wote wakasimama. Nikampa karatasi. Akaitazama, akanitazama, akaikunja mara nne, akamwashiria mtu aiweke chini ya mguu wa feni iliyokuwa ikigongagonga. Feni ikatulia. Katika maisha yake yote hajawahi kusoma kitu hewani, na hakuona sababu ya kuanza na mimi.

Kipindi kikaliwa na matangazo ya mabati na ya magodoro, kisha na yule kijana mwenyewe, aliyependa sauti yake kuliko wageni wake. Adhana pale redioni haisubiri mtu. Saa ikifika inaingia, hata kama mheshimiwa yuko katikati ya ahadi. Zilikuwa zimebaki dakika mbili kijana alipokumbuka kumpa mzee nafasi.

"Mimi nataka kusema ukweli moja kabla sijakufa," mzee akasema.

"Bonga, mzee wetu."

"Yule kiba. Yule mwalimu. Mimi ile siku sikusema basi." Akapumua. Akainua kidole cha mkono mzima, kama mtu anayefunga mjadala wa miaka. "Nilisema basi."

Kijana akaangusha kichwa mezani. Fundi mitambo nyuma ya kioo akajishika tumbo. Kupitia kwenye trei za mayai nilisikia hoteli ya jirani, iliyojaa watu wenye njaa ya siku nzima, ikipasuka kwa kicheko. Nikasimama, nikapiga kelele, "Ya mwisho! Mwambie ya mwisho!" Sauti yangu haikufika popote. Kijana alikuwa akijifuta machozi. "Aki buda, wewe ni noma! Sikusema basi, nilisema basi!" Mzee alimtazama, haelewi kinachochekesha. Akafungua mdomo wake uliolegea aongeze neno, na adhana ikaingia.

Wakaleta tende na maji. Katikati ya mikono iliyokuwa ikipishana mezani akanitafuta kwa macho, tende mkononi.

"Adeer," akasema, "wamesikia?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, ya miaka thelathini na zaidi, nimeyanoa. Nikauangalia mdomo ule.

"Wamesikia," nikasema.

"Alhamdulillah," akasema, akala tende yake. Nilikuwa namchukia bado. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilimsamehe.

Alikufa kabla ya Idi, akazikwa siku hiyohiyo, na kufikia kesho yake tuktuki ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu: SIKUSEMA BASI, NILISEMA BASI. Sasa ziko nyingi. Watoto wanayaimba maneno hayo. Wanasema ni mzaha wake wa mwisho na ulio bora zaidi, kwamba mtu ambaye mauti yamemshika mguu bado anaufuturisha mji kwa kicheko. Huo ndio urithi aliouacha. Alisema ukweli mara moja katika maisha yake, na wameufanya pambo la tuktuki.

Siku ya tatu nilikwenda kutoa rambirambi, maana usipokwenda ndiyo utasemwa. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka nje ya nyumba, kivulini, na walikuwa wakisimuliana maneno yake. Yule nahodha wetu wa zamani alikuwepo, siku hizi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mnene, ndevu nyeupe. Aliponiona nimesimama natafuta pa kuweka viatu, akaita.

"Mwalimu! Wewe ulikuwa ndani, kwa studio. Waambie hawa. Alisema namna gani?"

Wakageuka wote. Wakanyamaza. Nikaelewa kwamba hapa, mchana kweupe, nimepewa kile nilichokitaka: mji umenyamaza, na shahidi ni mimi. Nikasema kwa Kiswahili changu cha darasani, kila herufi mahali pake, "Alisema: ile siku sikusema pasi. Nilisema basi."

Hakuna aliyecheka. Walitazamana.

"Hapana, mwalimu," nahodha akasema kwa upole. "Wewe nakosea. Hiyo ni Kiswahili ya Kenya. Unaharibu."

"Siharibu. Ya kwanza ni P, ya mpira. Ya pili ni B, ya kwisha. Alikuwa anakiri. Alikuwa anasema mimi nilisikia sawa."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kunihurumia. Mwingine akasema labda studio ilikuwa na kelele. Nahodha akanitazama kwa yale macho yake ya siku ya jiwe.

"Sema tu file yeye alisema," akaniambia.

Nikawaangalia. Nimezeeka nao. Nimewafundisha watoto wao wote, na wengine wajukuu. Nilichukia vile walivyoningoja, na nilichukia zaidi kwamba nilijua ninachotaka.

"Sikusema basi," nikasema. "Nilisema basi."

Mkeka mzima ukalipuka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa, mwingine akanishika mkono na kukibusu kiganja changu. Nahodha akajivuta pembeni, akagonga nafasi iliyobaki kwa mkono wake, na mimi nikavua viatu nikaketi.